Neno la Shahidi: Kesi ya Mpelelezi wa Los Angeles

Ndugu msomaji, je, umewahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi? Pengine bado. Lakini hujui siku wala saa. Unaweza kuona ajali barabarani, au ugomvi kilabuni, au mtu akipita usiku na mbuzi asiye wake. Kesho yake askari wanakuja kuandika maelezo yako. Miezi inapita, kisha unaletewa karatasi ya kukuita shaurini. Zamani ungetafuta mtoto wa shule akusomee. Sasa unaisoma mwenyewe. Siku ikifika unasimama kizimbani na kuapa kwamba utasema kweli tupu. Halafu wakili anaanza kukuuliza maswali.

Somo hili linamhusu mtu aliyesimama kizimbani namna hiyo. Hakuwa mkulima wala mpita njia. Alikuwa askari mpelelezi, yule ambaye sisi tumezoea kumwita askari kanzu kwa kuwa havai sare. Jina lake ni Mark Fuhrman. Alifanya kazi katika Los Angeles, mji mkubwa sana ulioko magharibi ya Marekani, katika jimbo la California. Alikuja mahakamani kueleza habari za glavu moja. Alipoondoka, watu hawakuwa wakizungumza tena juu ya glavu peke yake. Walikuwa wakimzungumza yeye.

Mauaji ya usiku

Usiku wa tarehe 12 Juni 1994, watu wawili waliuawa kwa kuchomwa kisu mbele ya nyumba moja mjini Los Angeles. Mmoja alikuwa mwenye nyumba, Nicole Brown Simpson. Wa pili alikuwa kijana mfanyakazi wa mkahawa, Ronald Goldman. Jioni ile mama yake Nicole alisahau miwani yake mkahawani, na kijana huyo alikuwa amekuja kuirudisha. Watoto wawili wa Nicole walikuwa wamelala ndani.

Nicole alikuwa ameachana na mumewe, O. J. Simpson. Huyu alikuwa mtu mashuhuri mno. Alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi, na baadaye akaigiza katika sinema. Simpson alikuwa Mmarekani Mweusi. Nicole na Goldman walikuwa Wazungu. Tena mwaka 1989 Simpson alikuwa ametiwa hatiani kwa kumpiga Nicole. Kwa hiyo polisi walipouona mwili wa Nicole, haikuwachukua muda kumfikiria mumewe wa zamani.

Mahali pa mauaji askari waliona glavu moja ya ngozi, ya mkono wa kushoto. Glavu ni vazi la mkono, lenye vidole. Ya kulia haikuwapo.

Alfajiri wapelelezi wanne waliondoka hapo wakaenda nyumbani kwa Simpson, mwendo wa dakika chache kwa gari. Fuhrman alikuwa mmoja wao. Walipiga kengele ya lango, hawakujibiwa. Fuhrman alisema ameona alama ya damu kwenye gari la Simpson lililokuwa nje. Ndipo alipopanda ukuta, akaruka ndani na kuwafungulia wenzake lango.

Hapa tusimame kidogo. Kwa sheria ya Marekani polisi hawaingii nyumbani kwa mtu bila hati ya upekuzi iliyotolewa na jaji, isipokuwa pakiwa na dharura. Wapelelezi hawakuwa na hati. Walieleza mahakama kwamba walihofu huenda humo ndani kuna mtu mwingine aliyejeruhiwa. Mahakama iliyakubali maelezo hayo. Lakini tangu hapo mawakili wa Simpson walikuwa na swali la kuuliza: je, hii ilikuwa dharura kweli, au ilikuwa njia ya kuingia?

Simpson mwenyewe hakuwapo. Usiku ule ule alikuwa amepanda ndege kwenda Chicago. Mgeni aliyelala katika nyumba ya uani aliwaambia wapelelezi kwamba usiku alisikia kishindo kwenye ukuta wa chumba chake. Fuhrman akachukua tochi, akapita peke yake kwenye kichochoro nyuma ya nyumba. Humo akaona glavu ya mkono wa kulia, ina damu. Akarudi kuwaita wenzake, akawapeleka mmoja mmoja kuiona.

Yashike maneno hayo mawili, msomaji: peke yake.

Glavu hii ilikuwa ushahidi mzito. Ilifanana na ile ya kushoto. Upande wa mashtaka ulisema vipimo vya wataalamu vilionyesha juu yake damu inayolingana na ya marehemu wote wawili na ya Simpson pia. Ilikuwa kama kamba inayofunga mahali pa mauaji na nyumba ya mshtakiwa. Lakini aliyeiona kamba hiyo kwanza alikuwa mtu mmoja.

Mji wenye jeraha

Huwezi kuielewa kesi hii kama hujui hali ya Los Angeles siku zile. Mwezi Machi 1991 polisi wa mji huo walimpiga vibaya Mmarekani Mweusi aitwaye Rodney King. Mtu mmoja alikuwa na kamera, akapiga picha za tukio lile. Nchi nzima ikaona. Askari wanne wakashtakiwa. Mwezi Aprili 1992 mahakama haikuwatia hatiani, na mji ukawaka moto. Watu zaidi ya 50 walikufa katika ghasia hizo. Mwaka 1993 wawili kati ya askari wale walitiwa hatiani katika mahakama ya serikali kuu, lakini jeraha lilikuwa limekwisha ingia ndani.

Kwa hiyo Wamarekani Weusi wengi wa mji ule hawakuwa na sababu ya kuamini neno la askari kwa kuwa tu ni askari.

Kesi ya Simpson ilianza kusikilizwa tarehe 24 Januari 1995 mbele ya Jaji Lance Ito. Huko Marekani, jaji haamui peke yake kama mshtakiwa ana hatia. Wanaoamua ni juri. Juri ni wananchi 12 wa kawaida, wanaochaguliwa kwa kesi moja. Wanaweza kuwa makarani, madereva, wauguzi au wastaafu. Kwetu Tanzania hatuna juri. Kwa miaka mingi Jaji wa Mahakama Kuu alikaa na washauri, ambao wananchi waliwaita wazee wa baraza, lakini hukumu ilikuwa ya Jaji mwenyewe. Katika kesi ya Simpson, tisa kati ya wale 12 waliotoa uamuzi walikuwa Wamarekani Weusi. Waliwekwa hotelini karibu miezi tisa, mbali na nyumba zao, hawaruhusiwi kusoma habari za kesi wala kuzitazama kwenye televisheni. Watu wengine wote waliitazama, kwa maana kesi ilionyeshwa moja kwa moja kila siku.

Swali la wakili

Fuhrman alipanda kizimbani mwezi Machi 1995. Alivaa vizuri, akajibu kwa utulivu. Alieleza ukuta, gari, kichochoro na glavu. Wengi waliomtazama walisema huyu ni shahidi imara.

Kisha akasimama wakili wa utetezi, F. Lee Bailey, mzee aliyejulikana kwa maswali ya dodoso. Maswali ya dodoso ni yale anayouliza wakili wa upande wa pili ili kupima kama shahidi anasema kweli. Bailey hakuanzia kwenye glavu. Alimwuliza juu ya neno moja.

Neno hilo sitaliandika hapa. Ni tusi ambalo Wazungu wa Marekani waliwatukana nalo Watu Weusi tangu enzi za utumwa. Bailey alitaka kujua kama Fuhrman amelitumia neno hilo katika miaka kumi iliyopita. Fuhrman akajibu kwamba hakulitumia. Bailey akauliza tena kwa njia nyingine: pengine umelisema ukasahau? Hapana. Basi, kama mtu yeyote atakuja hapa kusema kwamba umelisema, huyo atakuwa mwongo? Naam, atakuwa mwongo. Wote watakaosema hivyo? Wote.

Angalia kazi aliyoifanya wakili huyu. Hakupandisha sauti wala hakumtukana shahidi. Alimfungia milango, mmoja baada ya mwingine, na shahidi mwenyewe ndiye aliyekuwa akigeuza ufunguo.

Wanakisomo wengi huuliza: tusi lina uhusiano gani na mauaji? Ni swali zuri. Tusi halikumwua mtu. Lakini utetezi ulikuwa ukisema kwamba mpelelezi huyu anawachukia Watu Weusi, na kwamba mtu mwenye chuki kama hiyo aweza kuchukua glavu ya pili mahali pa mauaji na kwenda kuiweka nyumbani kwa Simpson. Kama chuki hiyo ingeonekana, hadithi hiyo ingepata miguu ya kusimamia.

Ni haki kusema upande wa pili pia. Askari wengi walikwisha fika mahali pa mauaji kabla ya Fuhrman, na waliona glavu moja tu. Kama alipofika palikuwa na glavu moja, hiyo ya pili aliiokota wapi? Mawakili wa Simpson hawakuleta shahidi hata mmoja aliyemwona Fuhrman akibeba glavu. Walileta shaka, basi.

Kanda za kinasa sauti

Mwezi Julai 1995 mawakili wa utetezi waligundua jambo ambalo Fuhrman hakulitaja. Kuanzia mwaka 1985 hadi 1994 alikuwa akizungumza na mwandishi mmoja wa sinema, Laura Hart McKinny, aliyetaka kuandika mchezo juu ya polisi. Mazungumzo yao yalinaswa kwenye kanda. Mawakili walizipigania kanda hizo mpaka katika mahakama za jimbo jingine, North Carolina, wakazipata.

Katika kanda hizo sauti ya Fuhrman ililitamka lile neno zaidi ya mara 40. Tena alijisifu kwa habari za askari kupiga watuhumiwa na kupotosha ushahidi. Yeye alijitetea kwamba alikuwa akitia chumvi kwa ajili ya sinema. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini swali la Bailey halikuwa juu ya sinema. Lilikuwa juu ya kulitamka neno, na jibu lake lilitolewa chini ya kiapo.

Jaji Ito aliwaruhusu wanajuri kusikia vipande viwili tu vya kanda zile. Tarehe 6 Septemba 1995 Fuhrman aliitwa tena mahakamani, wanajuri wakiwa nje. Sasa alikuwa na wakili wake mwenyewe. Kila alichoulizwa alijibu kwamba anatumia haki yake ya kikatiba ya kutojitia hatiani. Aliulizwa kama alitengeneza au kupachika ushahidi wowote katika kesi hii. Akajibu vile vile.

Kwa sheria, kunyamaza si kukiri. Wanasheria wanaeleza kwamba mtu akianza kujibu maswali fulani anaweza kupoteza haki ya kunyamaza kwa mengine, na hivyo ni salama kwake kuyanyamazia yote. Hayo ni kweli. Lakini jaribu kufikiri baba yake Goldman alivyojisikia akiwa ameketi ukumbini. Mpelelezi aliyeokota ushahidi wa kifo cha mwanawe anaulizwa kama ushahidi huo ni halali, naye hawezi kusema neno ndiyo wala hapana.

Kwa maoni yangu, lawama si ya Fuhrman peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliomba kustaafu kwa sababu za kiafya, na katika karatasi za madaktari mlikuwa na maneno yake makali juu ya watu wa rangi nyingine. Habari hiyo ilitoka magazetini mwaka 1994, kabla kesi haijaanza. Waendesha mashtaka walikuwa na muda wa kumwuliza wenyewe, kwa ukali, kabla Bailey hajamwuliza. Walimpandisha kizimbani kama mtu anayetandika kitanda juu ya nyoka.

Uamuzi

Palikuwa na mambo mengine pia yaliyotia shaka. Mpelelezi mwingine, Philip Vannatter, alipokabidhiwa damu iliyotolewa mwilini mwa Simpson kwa ajili ya vipimo, hakuipeleka ghala la vielelezo papo hapo. Alisafiri nayo mpaka nyumbani kwa Simpson kumpa mtaalamu aliyekuwa huko. Na tarehe 15 Juni 1995 Simpson alijaribu kuvaa zile glavu mbele ya juri, zikaonekana kumbana. Upande wa mashtaka ulisema ngozi iliyolowa damu hunywea, na tena alikuwa amevaa glavu nyingine za mpira ndani yake. Lakini macho yalikwisha ona.

Mwisho wa mwezi Septemba mwendesha mashtaka, Marcia Clark, alikiri mbele ya juri kwamba Fuhrman alisema uongo na kwamba ni mbaguzi. Aliwaomba wasiitupe damu na vipimo vyote kwa sababu ya mtu mmoja. Wakili wa utetezi, Johnnie Cochran, aliwaambia kwamba mjumbe asiyeaminika ujumbe wake pia usiaminiwe.

Wanajuri walijadiliana kwa muda usiofika saa nne. Tarehe 3 Oktoba 1995 walitangaza kwamba Simpson hana hatia.

Elewa vizuri maana yake. Juri haiulizwi, "Je, mnadhani alifanya?" Inaulizwa kama mashtaka yamethibitishwa bila kuacha shaka ya maana. Mwaka 1997, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na jamaa za marehemu, juri nyingine iliona kwamba Simpson anawajibika kwa vifo vile. Aliamriwa kulipa dola milioni 33.5. Katika kesi ya madai mizani ikielemea upande mmoja inatosha. Simpson alifariki mwezi Aprili 2024. Hakuna mtu mwingine aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale.

Fuhrman alistaafu upolisi mwaka 1995. Mwaka 1996 alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Hakulipinga shtaka. Aliwekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa miaka mitatu na kutozwa faini ya dola 200.

Sasa turudi kijijini

Fikiri habari ya mzee mmoja. Usiku ameona mtu akivuka mto na mbuzi wa jirani. Amemtambua, kulikuwa na mbalamwezi. Anafika mahakamani. Mtetezi wa mshtakiwa anamwuliza, "Mzee, usiku ule ulikuwa umekunywa pombe?" Mzee anaona haya mbele ya mkwewe aliyeketi nyuma, anajibu, "Mimi sijaonja pombe tangu kuzaliwa." Watu ukumbini wanatazamana. Mwenye kilabu anaitwa, anasema mzee huyu ana kiti chake pale.

Basi, mbuzi amekwenda. Pengine mzee alimwona mwizi kwa macho yake. Angeweza kusema, "Nilikunywa kibuyu kimoja jioni, lakini mwezi ulikuwa mkali na mtu yule namjua tangu utoto wake." Jibu hilo lina aibu kidogo, lakini lina nguvu. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi huwa fupi kuliko umbali wa kizimbani hadi mlangoni.

Jambo jingine ni lile la "peke yake." Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayechukua kitu katika upekuzi kutoa stakabadhi, isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi waliokuwapo. Ndiyo sababu askari huja na mwenyekiti wa kitongoji au jirani. Ukiitwa kushuhudia upekuzi, usibaki uani ukipiga soga. Ingia ndani. Tazama kitu kinapotolewa, kimetolewa wapi na nani. Kisha soma stakabadhi kabla ya kutia sahihi. Kama imeandikwa "bunduki moja" na wewe umeona panga, sema hapo hapo. Fanya vivyo hivyo kwa maelezo unayotoa polisi: yasome mstari kwa mstari, au uombe usomewe, na pasipo sawa paombe parekebishwe.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kama ungekuwa mmoja wa wale wanajuri 12, ungefanya nini na ile glavu baada ya kusikia kanda? Kila mmoja aseme na atoe sababu.

2. Fuhrman angemjibuje Bailey? Wawili wasimame mbele, mmoja awe wakili na mwingine shahidi.

3. Mwalimu aandike ubaoni stakabadhi ya upekuzi yenye vitu vitano. Aweke mezani vitu vitano, lakini kimoja kisilingane na kilichoandikwa. Kila mwanakisomo aisome, kisha aamue kama atatia sahihi.